Shore Kwenye Lango Letu

Kaka Mothusi,

Nimeshinda! Ulipotuma ile picha juzi, kundi letu la simu la kukisia ndege lilipagawa. "Mramba huyo, mweusi tii!" Mjomba Rrakgosi akaapa kwa ng'ombe wake wote. Nikawaambia, "Hebu tazameni mkia, haukupasuka panda. Na jicho si jekundu. Huyo ni shore mweusi!" Wakanicheka mpaka ulipojibu mwenyewe kwamba nimepatia. Niliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba!

Yaliyobaki nayaandika kwa mkono, dereva wa basi akuletee huko Francistown, maana kule kundini wangesoma wote.

Wenzangu walimtazama ndege tu. Mimi nilitazama alipotua. Kaka, ile ni nguzo ya lango letu hapa Shakawe. Kile kikombe cha bati cha buluu kilicho pichani, Mama alikifunika juu yake mwezi uliopita tu. Kwa hiyo ulifika. Ulisimama hatua kumi kutoka mlangoni, ukapiga picha ya ndege, ukaondoka.

Hukuja kumzika Baba. Najua mlivyoagana vibaya, na sikuulizi.

Nilimwonyesha Mama, ambaye mchezo wetu haumhusu. Hata hakumtazama yule ndege. Aligusa kikombe pichani kwa kidole, akasema, "Mwanangu alikuwa na kiu, na hakuomba maji." Kisha akatoka kwenda kukisugua kile chenyewe.

Fumbo langu la wiki hii limo kwenye bahasha. Picha haina ndege. Ina lango lililo wazi na kiti cha Mama kando yake. Kisia anamngoja nani.

Mdogo wako, bingwa wa ndege,
Gaone