Hatua Kwenye Malisho ya Mbele

4 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti lenyewe unalijua. Ng'ombe wanakusalimu kwa mbavu, maana ndizo zinazoonekana siku hizi.

Malisho ya mbele yamenishinda. Kuanzia getini mpaka karibu na ua, pale magari yalipopita siku ya msiba wa kaka yako, nyasi hazitaki kuota. Unakumbuka mvua ya siku ile. Watu walikuja na malori na matrekta, wakayaegesha kwenye tope, na nani angewakataza, nami nina maiti ndani? Sasa ni mwaka umepita. Mvua ikinyesha, maji yanatuama siku tatu kama yamemwagwa sakafuni.

Na jingine, usinicheke. Alfajiri nasikia mtu anatembea pale. Ardhi imekauka juu, inalia, du, du, du, hatua ndefu kama za kaka yako, Mlingoti wetu. Anatoka getini, anakuja, akikaribia ua, kimya. Nimetoka na tochi mara nne na sikuona mtu. Ng'ombe tu wamesimama, wote wanatazama upande mmoja.

Niandikie upesi.

Baba yako

15 Mei

Baba, shikamoo.

Barua imenikuta salama, namshukuru Mungu, ila kutwa nzima juu ya trekta mpaka mkono unatetemeka nikishika kijiko. Goti lipake dawa, usilisimulie tu.

Sikucheki. Kaka namwota na mimi. Lakini ardhi iliyoshindiliwa hulia hata akipita paka, na nadhani huyo ni mbwa wa jirani. Fanya hivi: chukua sepetu, chimba shimo dogo, uangalie mizizi ya nyasi. Kama inashuka kidogo halafu inalala ubavu, basi chini kuna tabaka gumu isiloweza kulitoboa. Dawa yake ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kuna jino refu la chuma tunalolikokota chini ya hilo tabaka, linalipasua, na nyasi za juu hazipinduliwi. Lakini si sasa. Chini kukiwa na unyevu, jino linapita tu kama kisu kwenye sabuni, na pembeni panabaki pagumu kuliko mwanzo. Tungoje mpaka udongo wa chini uvunjike mkononi. Bosi amekubali kuniazima mashine.

Ng'ombe wahamishie nyuma.

Binti yako

29 Mei

Mama, binti yangu,

Salamu zangu zipokee. Dawa nimepaka, inanuka, goti halijali.

Nimechimba. Ni kweli tupu, mizizi imeshuka kiganja kimoja ikakata kona. Sepetu imepinda. Lakini mashine usilete.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua nilivyomfukuza kaka yako. Nimelazwa hospitali, nimemwachia ndama, yeye akaenda zake kustarehe, ndama watatu wakafa kwa kiu. Nikamwambia, "Usikanyage kwangu tena." Lilikuwa neno la hasira, nikalishikilia miaka miwili kwa ukaidi tu.

Nyote mnajua aligongwa na lori pale barabarani akija nyumbani. Hakuwa akija, mama. Alikuwa akirudi kutoka hapa. Alifika, akabisha hodi. Mimi nimekaa kitini, nyuma ya mlango, ningeweza kuugusa kwa fimbo. Akasema, "Baba, nimeambiwa umepoa." Nikanyamaza. Akangoja, kisha nikasikia anaondoka. Nikajisemea, atarudi kesho, mwache kwanza ajifunze.

Sasa anakuja mpaka pale magari yalipoishia, anasimama, maana nilimkataza mimi mwenyewe. Ana haki. Lakini angalau namsikia. Ukiilainisha ardhi ile, mimi nitabaki na nini?

Baba yako

2 Agosti

Baba, shikamoo.

Nisamehe, miezi miwili sikukujulia hali. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro, halafu godoro likanishinda kulalia.

Aliyemwambia umepoa ni mimi. Hukuwa umepoa, nilijua. Nilidhani akisimama mbele yako moyo utalainika wenyewe, damu nzito kuliko maji. Sikufikiria mlango. Nilikuchukia, Baba, wiki nyingi, sitaki kukuficha. Kisha nikajichukia mimi. Sasa nimechoka, na nina hofu, baada ya kumpoteza kaka, nisije nikakupoteza na wewe humo humo.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Jana nilikuwa nakagua malisho ya watu kabla ya kuyapasua. Nikitembea penye ugumu, viatu vinalia. Nikavuka kuingia palipo laini, sauti ikakatika, na mimi bado natembea. Nikasimama pale pale nikalia, wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka.

Mimi siamini mizimu. Lakini magari yaliishia karibu na ua, na kuanzia pale mpaka mlangoni udongo wetu ni laini tangu zamani. Kama ni yeye, nani amekwambia anasimama?

Nitafika na mashine mwisho wa mwezi. Ukiniona getini na bado hutaki, nitageuza.

Binti yako

20 Novemba

Mwanangu,

Natumaini uliwasili salama na mgongo umepumzika. Hapa mvua za kwanza zimenyesha na maji yote yameingia ardhini, hata kidimbwi cha kunywesha kuku hakuna. Nyasi zinachipua kwa mistari, kila pale jino lako lilipopita. Ng'ombe sijawaruhusu kuingia, kama ulivyoagiza, mpaka mizizi ishike. Wananinunia.

Siku ile ulishangaa nilivyokufungulia geti bila neno. Nilikuwa nimesoma barua yako mara nyingi mno. Nilidhani adhabu yangu ni kwamba hafiki. Kumbe huenda amekuwa akifika kila alfajiri, na mimi ndani nimetia komeo. Mwanangu, sijawahi kuogopa kitu kama hicho.

Hatua sizisikii tena. Wiki ya kwanza nilikulaani, unisamehe. Naamka saa ile ile, natega sikio, hakuna kitu. Zamani nilijua yuko wapi. Sasa anaweza kuwa popote, getini, dirishani, hata nyuma ya kiti hiki ninachokalia nikikuandikia. Kwa hiyo komeo nimeling'oa. Najua utasema wezi. Waje, wachague wenyewe cha kuiba.

Jana niliurudishia mlango tu, nikalala. Leo alfajiri nimeukuta wazi mpaka ukutani, na ng'ombe kule nyuma wametulia. Utasema ni upepo. Haya, na uwe upepo. Nilisimama, goti na yote, nikauambia, "Karibu ndani, baba."

Baba yenu