Mtaro Uliokata Njia ya Watoto

Alhamisi, Tabora. Joto la kuchosha, mawingu yapo lakini mvua haiji.

Hii ni wiki ya tatu tunajenga madarasa kwenye shule ya msingi yenye bweni la watoto wasioona. Walikuwa wanasomea kwenye chumba chao peke yao, nyuma kabisa. Sasa imeamriwa wasome pamoja na wenzao, ndiyo maana tukaletwa. Asubuhi msimamizi wetu, Masanja, alinionyesha pa kuchimba msingi. "Chimba, Mzaramo. Ngoma mnaziweza, sasa tuone sururu." Ni Mnyamwezi, mtani wangu. Nikacheka, nikachimba.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtaro ule unakata njia ya watoto hao ya kwenda kula. Ni njia ya kale. Masanja anasema misafara ya watumwa kwenda pwani ilipita papo hapo. Watoto wanaijua kwa miguu.

Saa saba mchana mtaro umenifika kiunoni. Nikapumzika. Nikawaona wanakuja, kumi na mmoja, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele, hatua zao moja. Nikakumbuka picha ya kitabu cha darasa la tano, watu wamefungwa mnyororo wanapelekwa pwani. Vinyweleo vikanisimama juani.

Sikupiga kelele.

Nilitaka. Lakini binti aliyeongoza alikuwa kimo cha Zuhura wangu, uso wake umenielekea mimi kabisa, nami nikabaki namtazama. Kama wangeanguka, wangeniangukia mimi na sururu yangu.

Hatua moja kabla ya ukingo wakasimama. Wote, kwa pamoja.

"Nani yumo humo?" binti akauliza. Nikabana pumzi kama mwizi.

"Wewe wa chini. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mbona hukusema? Wewe huna watoto?"

"Ninao wawili."

"Wawili," akarudia taratibu, akainamisha kichwa upande, kama anayemsikiliza wa tatu.

Ninao watatu.

Mwalimu wao alikuja mbio, kanga mkononi, akawashika mmoja mmoja. Nikamuuliza walijuaje. Akasema udongo uliochimbuliwa unanuka, na sururu waliyoisikia tangu asubuhi ilinyamaza ghafla. Kisha akamgeukia Masanja, aliyekuwa amefika: "Mnasema shule iwe ya wote, halafu mnachimba bila kuwauliza wanaopita!" Masanja akaenda kutafuta mbao za kuziba mtaro.

Nikamwambia mwalimu kwamba jirani yangu huko Kisarawe ana mtoto asiyeona, ana miaka tisa, shule ilimkataa. Akanitazama. Akasema mtoto apelekwe kwanza shule ya karibu, siku hizi hawatakiwi kumkataa, wakishindwa ndipo itafutwe yenye bweni. "Mwambie huyo jirani yako aende mwenyewe."

Hakuna jirani. Mtoto huyo ni Zuhura, binti yangu, na hakuna shule iliyomkataa. Miaka yote najiambia kwamba walimkataa, hadi nikaanza kukumbuka sura ya mwalimu mkuu aliyetufukuza. Mtu huyo hayupo. Nilimtunga. Sijawahi kukanyaga shule yoyote kuuliza.

Zuhura anakaa chumba cha ndani. Wageni wakija, mlango unafungwa. Majirani wanajua yupo, ila wamezoea kutomwona.

Jioni hii nimempigia mke wangu. Nikamwambia kesho amtoe, ampeleke kuandikishwa. Akaniuliza kama nimelewa. Nikasema sijanywa. Akasema: "Wewe uko huko mbali. Mimi ndiye nitakayepita naye barabarani. Wakiniuliza alikuwa wapi siku zote, niwajibu nini?"

Nimemwambia aseme ni wetu, wa kwanza kuzaliwa, na aliyemficha ni mimi.