Sambaza Wazito Kama Tilapia

Jumanne, jioni

Programu hii ya takwimu itanitia wazimu! Leo profesa ameangalia grafu yangu akacheka: "Mama Aline, hii sambaza yako iko nzito sawa tilapia. Ulipima nini?"

Nilipima sambaza, dagaa hao wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kituku kwa mikono yangu, mwaka baada ya mwaka! Kosa ni mkato. Niliandika gramu 2,5 kama tulivyofunzwa masomoni kwa Kifaransa. Programu inataka nukta, basi ikasoma 25, na 3 ikabaki 3. Bila hata kunionya! Mchana kutwa nimesahihisha, nikiilaani.

Hatimaye ikakubali. Nikapiga makofi peke yangu, kisha nikasoma jibu: sambaza wanazidi kuwa wadogo kila mwaka.

Kesho wamama wanaowauza wataniuliza nimeona nini. Laiti ingekuwa bado ni kosa la mkato.