Majani ya Mpunga Juu ya Kitanda Changu

Shangazi Bernadetha, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Daktari aliponiuliza kama nyumbani nalala karibu na kitu chenye ukungu, nilisema hapana. Bibi alikuwa ameketi pembeni yangu, nikaona aibu.

Huku migomba imezaa vizuri, na ng'ombe wa Bibi amepata ndama jike. Majani ya mpunga tuliyomwagizia kutoka Chekereni yalinyeshewa njiani, tukayapanga hivyo hivyo darini, juu ya kitanda changu. Sasa yameota ukungu. Kila nikimshushia ng'ombe chakula, vumbi linajaa mpaka kwenye mto wangu.

Daktari alisema huenda fangasi wameingia mapafuni, na ndio wanaochochea hii pumu. Dawa ya kupuliza hainisaidii tena. Jana nilishindwa kumaliza sentensi darasani, wenzangu wakacheka wakidhani naigiza. Shangazi, nakosa pumzi. Naogopa kulala.

Nikisema, Bibi atajiona ndiye aliyeniumiza. Chumba hiki alinipa yeye, eti kina joto. Nilitaka umpigie simu wewe, plizi, umwambie ayatoe.

Anakuja. Namsikia koridoni: "We Hilda! Ndama analia huku, wewe unamwandikia mchumba?"

Nimeiandika barua hii kwa siku kadhaa, na kila nikimsikia anakuja huisukuma chini ya godoro. Leo naiacha wazi hapa kitandani. Bibi husoma polepole, nami nitakaa naye mpaka amalize.

Hilda wako