Tangawizi Hayupo Tena Nyumbani

Shikamoo Baba.

Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikasubiri, kama vile utaitikia. Mazoea tu. Nipo dukani, cherehani mbele yangu, mteja wa asubuhi hajafika. Leo nimeamua kukuambia mwenyewe jambo ambalo ndugu zako wameshalisema kila mahali isipokuwa kaburini kwako. Tangawizi hayupo tena nyumbani. Nimemtoa mimi, kwa akili zangu timamu, na sikuandikii ili kuomba radhi.

Najua ulivyosema. Nilikuwepo. Ulikuwa umelala ubavu, umeelekea dirishani, upande ule alikokuwa akibweka, na sauti yako ilikuwa imebaki kidogo sana. "Zuhura, Tangawizi asitoke hapa. Niahidi." Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti miguuni pako, akasikia kila neno. Mimi nilikunyooshea shuka nikasema, "Pumzika, Baba." Sikuahidi. Na wewe ulijua kwamba sikuahidi, maana uliniangalia kwa muda, kisha ukafumba macho. Hatukulirudia tena. Wiki ile ile ukaondoka.

Basi tuanzie mwanzo, usije ukasema nimesahau.

Ulikwenda Dakawa kununua mchele wa Ramadhani, ukarudi na mchele na kiroba kingine kinachofurukuta. Ulimkuta kando ya mfereji wa mashamba, kafungwa kwenye nguzo kwa waya, shingo imechubuka hadi nyama inaonekana, na aliyemfunga hajulikani. Ulimfungua kwa mikono yako. Bwana mifugo alipokuja kumchoma sindano alicheka sana. Akasema huyu ni terria, mbwa wa kizungu aliyechanganyika na wa kwetu, uzao wa kuingia mashimoni na kutoa panya. "Hachoki huyu, mzee. Jiandae." Mdogo, miguu mifupi, manyoya magumu kama brashi ya kusugulia sakafu, rangi ile ile ya tangawizi iliyokaushwa. Wewe uliyeuza viungo maisha yako yote, ukipanda na kushuka Matombo kufuata iliki na mdalasini, jina hukulitafuta mbali.

Mtaa mzima wa Kilakala ulisema. Mzee mwenye sijda kwenye paji la uso, anafuga mbwa! Uliwajibu kwamba mbwa ana banda lake nje, haingii unaposalia, kujitwaharisha kwako ni shughuli yako, na aliyemuumba hakuomba ruhusa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kila alfajiri baada ya sala mlitoka wote wawili kuelekea mlimani. Mlikuwa mkirudi umande umewalowesha, wewe unatafuta kiti, yeye ndiyo kwanza anaona siku imeanza.

Nilimpenda, Baba. Wasikudanganye.

Siku ya hitima alikata kamba. Watu wamekaa mikekani chini ya turubai, sheikh yuko katikati ya dua, Tangawizi akapita kati yao kama mshale na kutoka na kiatu cha sheikh, kubazi ya ngozi, mdomoni. Wengine waliinuka, wengine walikunja kanzu zao wasiguswe. Baba Mkubwa alisema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mbwa yule atapewa nyama yenye sumu kabla jua halijazama, na mzoga ukatupwe huko huko Dakawa alikotoka. Nilikuwa jikoni na wanawake. Nilitoka na mwiko mkononi, wali umeganda kwenye ncha yake.

"Shikamoo Baba Mkubwa," nikasema. "Mbwa huyu halishwi sumu na mtu."

Akaniuliza tangu lini mwanamke anazungumza kwenye kikao cha wanaume. Nikamwambia sizungumzii kikao, nauzungumzia ua, na ua huu naufagia mimi. Sikurudi nyuma. Mwishowe sheikh, mguu mmoja peku, akasema mwacheni binti na mbwa wake, tumalize dua ya marehemu. Hivyo ndivyo alivyopona. Nataka ukumbuke ni nani alisimama siku ile na nani alitaka kuua, kwa sababu mbele huko mambo yanageuka.

Watu wakaondoka, tukabaki wawili. Nafungua duka mapema, narudi jioni. Nikimwacha huru anaruka ukuta. Aliua bata wa Mama Rehema, nikaenda kuomba msamaha na kumnunulia wengine. Nikimfunga chini ya mpera analia kutwa nzima, majirani wananisimulia. Alichimba mpaka mizizi ya mpera ikabaki nje. Nilijaribu kumtembeza alfajiri kama wewe. Alinivuta kama gunia, nilifika dukani nimechelewa na nimechoka, na yeye bado alikuwa hajaanza hata kuhema. Shingo yake ikachubuka upya pale pale ulipompaka dawa.

Ila si hayo yaliyonifanya niamue. Jioni, saa zile ulizokuwa ukirudi kutoka sokoni, aliacha kulia. Alilala kifudifudi, kamba imenyooka hadi mwisho, pua imeelekea geti. Hakula mpaka giza liingie. Niliyaona haya jioni baada ya jioni, mpaka siku moja nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, Baba. Nilisimama pale uani nikasema kwa sauti, kama mwendawazimu: ulimfungua Dakawa, sasa unataka nimfunge Kilakala? Ulichoniomba ni nini hasa? Atunzwe, au akungoje?

Nikaanza kumtafutia nyumba.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Kihonda mwenye ghala la mpunga. Panya walikuwa wanamtoboa magunia. Nikaona kazi na mfanyakazi wamekutana. Aliniambia mbwa ataishi huru ndani ya ua. Nilimpeleka mwenyewe, nikarudi moyo mwepesi. Baada ya siku chache nilikwenda tena bila kumwarifu. Nikamkuta Tangawizi nyuma ya ghala, jua la mchana linampiga, kamba fupi kiasi kwamba hata kulala hawezi, kopo la maji limepinduka na limeshakauka. Yule bwana akasema anamfunga mchana ili usiku awe mkali. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali.

Kwenye mkoba nilikuwa na mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Unajua ninavyoutunza, mtu akiukatia karatasi tu nagombana naye. Nikaukatia ile kamba.

"Dada, mbwa ulinipa mwenyewe," akasema.

"Nilikupa umfuge. Sikukupa umtese."

Akanitishia kuita watu. Nikamwambia awaite, waje waone alivyomfunga. Hakuita. Bodaboda wa kwanza alikataa kutubeba, aliyefuata alikubali kwa sharti kwamba mbwa akae ndani ya kiroba. Tukakatiza stendi ya Msamvu hivyo, mimi na hijabu yangu, kichwa cha Tangawizi kimechomoza mapajani mwangu, ulimi nje, anaangalia mabasi. Watu walicheka, mmoja akatupiga picha. Sikuinamisha kichwa. Nilipofika nyumbani nilijitwaharisha kama ulivyonifundisha, nikampa maji, nikakaa naye mlangoni pa banda lake hadi akalala.

Felista alikuja dukani na kitambaa cha sare ya kwaya. Ni mwanamke wa mlimani, anaishi na mumewe juu huko kupita Morningside, analima karoti na viazi na kuvishusha sokoni kichwani. Wakati nampima alikuwa analalamika kuhusu mafuko. Wanakula karoti kwa chini, akasema, majani yamesimama vizuri kabisa, ukivuta unabaki na majani mkononi. Futi ya kupimia ikasimama pale pale kiunoni mwake.

Safari hii sikutoa hivi hivi. Nilimuuliza: unafunga mbwa? Atalala wapi? Atakula nini? Akiugua utafanyaje? Mumeo ana hasira? Alijibu yote, kisha akaniangalia.

"Dada, unatoa mbwa au unaoza binti?"

"Naoza," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Kisha akasema basi mzazi aone kwanza binti anakoolewa, twende ukaone. Mtu anayejibu hivyo nikamwamini nusu. Nusu nyingine nilikwenda kuitafuta mwenyewe.

Nilifunga duka tukapanda. Unaijua njia ile, utelezi wake, na vile mji unavyokuwa mdogo nyuma yako mpaka mabati yanabaki kumeta tu. Tangawizi alipanda mara mbili ya sisi, maana kila akifika mbele alirudi kutuangalia. Shamba la Felista liko kwenye matuta, tuta juu ya tuta, ukungu unapita katikati yake. Nikamfungua kamba. Akasimama na pua chini, mkia umekakamaa. Halafu akazama kwenye mistari ya karoti, udongo ukaanza kuruka nyuma yake kama mtu anatupa kwa koleo. Alipotoka alikuwa na fuko mdomoni. Akamtikisa mara moja, akamweka chini mbele ya miguu ya Felista, akarudi shimoni. Hakunitazama hata kidogo.

Mama mkwe wa Felista, bibi mmoja mwenye umri wako, alitoka jikoni akamsemesha mbwa Kiluguru kwa ukali, kwamba asimharibie vitunguu. Akatega sikio, Baba. Kiluguru kile kile ulichokuwa ukimgombeza nacho. Akatoka kwenye vitunguu.

Nililala kwao ili nione wanavyoishi wakiwa hawana haja ya kunifurahisha. Tangawizi alilala barazani juu ya gunia, karibu na ukuta wa jiko unaobaki na joto. Asubuhi hakuna aliyemfunga. Mume wa Felista alitoka na jembe begani, akapiga mluzi, mbwa akamfuata. Nami nikashuka wakati huo huo, bila kuaga, kwa sababu kama angerudi kunifuata sijui ningefanya nini.

Nililia njia nzima hadi nikaona barabara ya lami. Si kwa ajili yake. Yeye hakuwa na cha kuliliwa. Nililia kwa sababu nilijua nikifika nyumbani hakutakuwa na mwingine anayekungoja. Hilo nalikubali, liliniuma na bado linaniuma. Lakini kuumwa si kukosea.

Sasa sikia kituko. Habari zilipomfikia Baba Mkubwa alikuja nyumbani siku hiyo hiyo, kavaa kofia yake ya mikutano. Akaniambia nimevunja wasia wa marehemu. Yeye, aliyetaka kumlisha sumu! Akasema mbwa wa mdogo wake nimempeleka kwa watu wanaofuga nguruwe.

"Mbwa hana dini, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Na wasia huo wewe ndiye uliyetaka kuuzika kabla ya jua kuzama."

Hakunywa chai. Shangazi naye amepiga simu kusema kwamba mtoto asiyesikia neno la mwisho la baba yake hana baraka. Nikamsikiliza hadi mwisho, nikamwambia awasalimie watoto wake, nikakata. Wanasema mimi ni mkaidi. Sijui wanadhani nimeutoa wapi ukaidi.

Wewe je? Nimeliwaza sana. Ungekasirika, sijidanganyi. Ungekula bila kunitazama. Halafu siku moja, ukiwa unatwanga pilipili manga na mgongo umenipa, ungeniuliza kama huko mlimani anakula vizuri. Nami ningekujibu anakula vizuri, na mambo yangeishia hapo. Lakini hata kama yasingeishia hapo, hata kama ungekasirika mpaka leo, ningepanda naye vile vile. Neno la mtu anayeumwa nalipa heshima yake yote. Mnyama aliye hai anayelia kwenye kamba nampa kipaumbele.

Mvua zilipokatika nilipanda tena kuwatazama. Tangawizi alinisikia kabla sijafika kwenye matuta. Alikuja mbio, kifua kimejaa matope, akanirukia karibu aniangushe, akaninusa mikono, akanusa mkoba, akazunguka mbio mpaka nikapata kizunguzungu. Amenenepa. Shingoni manyoya yameota, hata ukipapasa huoni kovu. Tulicheza pale kwa muda. Kisha Felista akamwita kutoka tuta la chini, kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyomwita mtu wa nyumbani. Akaenda. Hakusita na hakugeuka. Nikabaki nimesimama, gauni limechafuka lote, nacheka peke yangu.

Ijumaa nitakuja kung'oa majani yaliyoota kaburini na kukusomea dua, kama kawaida yangu. Na kila mvua zikikatika nitapanda kumwona. Nikikuta wamemfunga, nitamshusha siku hiyo hiyo hata kama nitambeba mgongoni mpaka mjini, Baba Mkubwa aseme atakavyo. Hilo nakuahidi.

Mteja amefika. Mungu akulaze pema, Baba.

Mimi mwanao,
Zuhura