Jina la Mpagazi Katika Shairi la Waturuki

Brussels, 1993

Mjukuu wangu Furaha,

Sote huku mtaani Ganshoren tu wazima, na shangazi yako amepona. Usicheke: nina miaka ishirini na saba, lakini mama yako huniita baba mdogo, kwa hiyo mimi ni babu yako kamili.

Umeniuliza kama mashairi ya vita, kama hilo utakaloghani shuleni, si majigambo tu. Ndivyo nilivyobisha mwaka jana, shahada yangu ikiwa mpya, katika mkahawa wa Waturuki karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord. Mzee Hasan, mwenye mkahawa, alighani shairi la ushindi wao dhidi ya wavamizi. Wote walisimama, mimi nilibaki kitini.

"Papa, mnajisifu juu ya makaburi," nilimwambia, kwa jina tunalowaitia wazee kwetu.

Hakukasirika. Kila mmoja alitaja jina la babu yake ambaye hakurudi kutoka vitani. Kisha mzee akanigeukia: "Na wewe, profesa? Wa kwenu nani?"

Nilimkumbuka babu yangu Bisimwa, aliyebebeshwa mizigo ya jeshi la wakoloni akafia njiani. Nilisimama, nikalitamka jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Bisimwa," wakaitikia wote.

Hoja zangu bado ninazo. Lakini utakapoghani shuleni, tangulia kulitaja jina hilo.

Babu yako asiye na mvi,
Anselme