Mawalii Buchani kwa Mzee Haron

Jumatatu, 3 Agosti 1959
Kazi mpya matbaani, River Road. Mwalimu mmoja Mhindi wa Ngara ameandika kitabu cha Kiswahili: watu wa Mungu wa dini zote, anawalinganisha. Herufi napanga mimi, moja moja. Mayogi wa Kihindu wanahesabu pumzi. Mawalii wa Kiislamu wanalitaja jina la Mungu mpaka wanajisahau. Watawa wa Kikristo wananyamaza miaka. Wabudha wanasema mtu si kitu — msimamizi wangu huniambia hivyo kila asubuhi, na hajaitwa mtakatifu! Wote wanakubaliana kwamba Mungu hasemeki. Halafu kila mmoja anamsema kurasa arobaini. Vidole vyangu!

Alhamisi, 6 Agosti
Nimempelekea Mzee Haron karatasi zilizoharibika matbaani, za kufungia nyama kwenye bucha yake, Dagoretti. Mkwe mtarajiwa lazima ajipendekeze. Akashukuru, Bwana asifiwe, kisha akarudia wimbo wake: binti yake Wamucii haolewi na mtu asiyeokoka. Jumapili nisimame kanisani mbele ya ndugu waliookoka, nishuhudie. Nishuhudie nini? Sijaona kitu mimi! Nampenda Wamucii, basi.

Jumapili, 9 Agosti
Nimeshuhudia. Nilipoitwa mbele nikadaka maneno niliyoyapanga matbaani Jumatano: "Nilimtafuta Mungu kwa taa, moshi ukaniziba macho. Nilipoizima, nikamwona." Ndugu wakaimba. Mzee Haron akalia, kamasi na yote, akanikumbatia. Harusi Desemba! Aliyesema hayo ni walii wa Kiislamu, lakini nani ameuliza?

Jumanne, 11 Agosti
Aibu gani hii! Nimeenda buchani kununua maini, kifua mbele, mkwe mzima. Mzee akachomoa karatasi ya kufungia, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile taa na moshi wangu. "Jamleck! Wamekuchapisha tayari!" Wateja wakapiga makofi. Kisha kidole kikapanda mpaka juu ya ukurasa: Mawalii wa Kiislamu. Na karatasi nilizileta mwenyewe, tena kwa baiskeli! Mjinga mimi.

Nikamwambia ukweli wote. Wamucii kainamia mizani, hanitazami. Mzee hakufoka — afadhali angefoka. Akauliza polepole: "Basi Jumapili mimi nililizwa na nani?"

Ile karatasi akaikunja, akaitia mfukoni. Maini akayafunga kwa ukurasa wa Wabudha. Nirudi Jumapili, kasema, na kitabu kizima. Cha kusoma au cha kuchoma, hakusema.